Jembe Lasingiziwa

Ipo dhana iliyoota mizizi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ya kwamba mama wa makamo, aliyelima maharage na kubeba mikungu ya ndizi kichwani tangu ubinti wake, akiumwa bega hapana haja ya kuuliza zaidi: ni uchovu wa jembe, ama baridi yabisi ya milimani, na dawa yake ni kuchuliwa mafuta na kuupumzisha mkono hata utulie.

Naipinga dhana hiyo, maana yako maradhi ya bega kuganda, ambayo utando unaozunguka kiungo huvimba, ukawa mnene na kujikunyata, mkono ukakosa nafasi ya kwenda. Lau jembe ndilo asili yake, vijana walimao kutwa wangeugua kwanza. Bali huwajia aghalabu watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, makarani wasioshika mpini kadhalika, na wenye kisukari kuliko wote. Tabibu Codman wa Boston, aliyeyaandika mwaka 1934, alikiri kuwa ni magumu kuyaeleza na magumu kuyatibu. Sisi twayamaliza kwa neno moja mbele ya pombe ya ndizi.

Huanza kwa maumivu yanayozidi usiku, hata mgonjwa asiweze kulalia ubavu ule. Miezi ikipita maumivu hupungua, na jamaa husema amepona, ilhali hawezi kufunga mbeleko wala kusuka nywele zake. Hasha, hajapona! Na akunje kiwiko, akibane ubavuni, kisha mwenziwe aupeleke mkono nje taratibu: ukigoma hata kwa nguvu za mwingine, na wa pili ukaenda bila taabu, yamkini bega limeganda, ukigoma kwa nguvu zake mwenyewe tu, tuhuma ni ya kano iliyochanika. (Aliyeanguka, mwenye homa, au anayebanwa kifua pamoja na bega asijipime, aende hospitali saa ile ile.)

Na huko kupumzisha ndiko kunakoniudhi zaidi, kwa kuwa mkono uliotundikwa shingoni kwa kitambaa wiki nenda wiki rudi huzidi kukakamaa, na maradhi yenyewe yaweza kudumu mwaka hadi mitatu. Mazoezi mepesi ya kila siku, dawa ya maumivu, na sindano ya steroidi mapema tabibu akiona yafaa, hayo ndiyo yenye msaada. Afikaye Murgwanza, Rulenge au hospitali ya Biharamulo kwa ajili ya bega, na aombe kupimwa sukari siku hiyo hiyo.