Mwacheni Acheze: Wito kwa Makocha na Wazazi

Ndugu makocha, walimu wa michezo na wazazi, mchunguzeni yule kijana anayefika mazoezini akiwa ameshavaa jezi ndani ya sare ya shule. Habadili nguo mbele ya wenzake. Siku ya kuogelea, tumbo linamuuma. Lakini filimbi ikilia hakuna anayemshinda kwa kujituma, maana hapo macho yote yako kwenye mpira. Tunasema ana haya tu, na pengine ni kweli. Ila wapo wanaoficha jambo zito zaidi: tangu utotoni wanajijua kuwa si wa jinsia wanayoitwa.

Schuyler Bailar wa Marekani alikuwa mmoja wao. Alilelewa kama msichana, na akiwa na miaka 15 alikuwemo katika kikosi cha wasichana kilichovunja rekodi ya taifa ya rika lao ya kuogelea kwa kupokezana, pamoja na mwogeleaji mashuhuri Katie Ledecky. Sifa zote hizo hazikumpunguzia uchungu. Alipomaliza sekondari afya yake ilikuwa imedhoofika, ikabidi aahirishe chuo mwaka mzima ili atibiwe. Timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Harvard ilikuwa imeshamchukua. Alipomweleza kocha wake ukweli, kocha hakumfukuza. Alikwenda kuzungumza na mwenzake wa timu ya wanaume, na kijana akapewa hiari ya kuchagua timu. Mwaka 2015 akaanza kuogelea na wanaume, akadumu nao miaka minne. Mjerumani Balian Buschbaum, aliyetwaa shaba ya Ulaya ya wanawake mwaka 1998 na 2002 kwa kuruka na ufito, naye aliishi na siri kama hiyo hadi alipostaafu mwaka 2007.

Najua mabishano ya nani ashindane na nani ni makali, na World Athletics, shirikisho la riadha duniani, imeshaweka masharti yake. Ninaloomba liko mikononi mwetu leo. Kocha, acha kumfokea mtoto kwamba anakimbia kama msichana. Tafuta chumba chenye komeo cha kubadilishia nguo, na kiwe wazi kwa kila mchezaji, asionekane ametengwa. Akikuita pembeni, msikilize hadi amalize, kisha muulize angependa nani mwingine ajue.

Mzazi, nawe vivyo hivyo. Habari hiyo isifike kwa shangazi wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla mwenyewe hajaridhia. Na Jumamosi mpeleke mazoezini kama kawaida.