Mapovu kando ya kitanda cha mwanao yasikutishe, ila uliza maswali haya

Mzazi mwenzangu, kama umewahi kulala wodi ya watoto njiti, huenda umekiona kifaa hiki. Vijimpira viwili vimeingizwa puani mwa mtoto, mpira mwingine mrefu umezama kwenye chupa ya maji, na maji yanatoa mapovu usiku kucha. Mama anayekiona kwa mara ya kwanza hushtuka. Ndugu wakija asubuhi na chupa ya uji, maneno ni yale yale: "Mtoto akishawekewa mashine ya hewa, huyo harudi nyumbani."

Kila nikisikia maneno hayo huwa najua kuna mzazi mahali fulani atakayekataa mwanawe asiwekewe. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya mapovu.

Kwanza tuondoe hofu. Mashine ya hewa huwekewa mtoto aliyezidiwa, na mara nyingi huwekewa akiwa amechelewa kufikishwa hospitali. Wengine kwa bahati mbaya hufariki. Anayetazama kwa mbali huona mashine na kifo vimeandamana, akadhani kimoja kimeleta kingine. Ni sawa na kusema mwavuli ndio unaoleta mvua kwa sababu vinaonekana siku moja.

Mtoto njiti huzaliwa na mapafu ambayo hayajakomaa. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa, na kwa mtoto aliyetimiza miezi vifuko hivyo vina utando laini unaovizuia visinate. Njiti hana utando wa kutosha. Kila akitoa pumzi vifuko hujifunga, na kila akivuta lazima avifungue upya. Fikiria kupuliza puto jipya kwa nguvu zako zote, mara 60 kwa dakika, usiku na mchana. Mtoto huchoka, na akichoka huacha kupumua.

Kifaa chenye mapovu humsaidia kwa njia rahisi. Hewa iliyochanganywa na oksijeni huingia puani kwa msukumo mdogo usiokatika, na vifuko havipati nafasi ya kujifunga. Msukumo hupimwa kwa maji: mpira ukizamishwa sentimita 6, msukumo ni wa sentimita 6. Wauguzi hukiita CPAP. Mapovu ni dalili njema, kwamba hewa inafika na msukumo upo. Cha kukutia wasiwasi ni mapovu kukoma. Yakikoma, mwite muuguzi mara moja, kwa kuwa huenda mpira umechomoka au hewa inavuja mahali.

Tiba hii inajulikana tangu mwaka 1971, ila mashine zake ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Ndipo wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, mwaka 2010 wakaunda ya bei nafuu. Pampu yake walikwenda kuikuta kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Ndiyo, pampu ile ile inayowapa samaki hewa sebuleni. Ni ndogo, hufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, na bei yake ni ya chini.

Kifaa kilijaribiwa Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, na kikaitwa Pumani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Miongoni mwa watoto wachanga waliokuwa wakipumua kwa shida, waliowekewa kifaa hicho walinusurika asilimia 71. Waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani walinusurika asilimia 44. Leo vifaa vya aina hii vimefika pia Tanzania na Kenya.

Wala si hicho pekee kilichozaliwa kwa fani moja kuazima kwa nyingine. Utrasaundi iliyokuonyesha mtoto tumboni ilianzia kwa mafundi wa chuma. Mwaka 1955 daktari wa uzazi Ian Donald alipakia kwenye buti la gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kiwanda cha maboila karibu na Glasgow, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Alitaka kujua kama mawimbi hayo yangetofautisha uvimbe wa maji na wa nyama. Yalitofautisha. Akashirikiana na mhandisi kijana, Tom Brown, na mwaka 1958 dunia ya utabibu ikasoma matokeo yao.

Sasa nifike kwenye neno langu la leo. Tunapenda kusifia mashine, tukasahau kwamba hazikutengenezwa na mtu mmoja na haziwezi kuendeshwa na mtu mmoja. Daktari peke yake asingeijua pampu ya samaki. Mhandisi peke yake asingejua mapafu ya njiti yanataka msukumo kiasi gani. Mashine ikifika wodini bado inawahitaji wote hao, na muuguzi juu yao.

Nina ushahidi. Malawi hiyo hiyo, katika wilaya ya Salima, watafiti walijaribu CPAP kwa watoto wa zaidi ya mwezi mmoja na chini ya miaka mitano, wenye nimonia kali pamoja na matatizo mengine kama utapiamlo, VVU au upungufu wa oksijeni. Watoto hao walikuwa wodi ya kawaida, bila usimamizi wa daktari wa kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalishangaza wengi. Waliowekewa CPAP walifariki asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11.

Soma tena hapo. Tiba iliyookoa njiti Blantyre haikuwafaa watoto wakubwa kidogo Salima. Watoto walikuwa tofauti, ugonjwa tofauti, na uangalizi tofauti. Kwa hiyo kiongozi anapokata utepe na kukabidhi mashine, tupige makofi, kisha tuulize: fundi wa vifaa tiba yuko wapi? Vipuri vitanunuliwa kwa fungu gani? Muuguzi wa zamu ya usiku ana watoto wangapi? Umeme ukikatika kuna nini? Mashine isiyo na majibu hayo itaishia stoo, au itatumika vibaya, na lipi baya zaidi sijui.

Nawe mzazi una sehemu yako. Ukimpeleka mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida, uliza kwa upole: "Dada, mwanangu amepimwa oksijeni?" Kipimo hubanwa kidoleni au kwenye unyayo, hakina sindano, na huchukua muda mfupi. Kikisoma chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni. Mkono wa baridi au rangi ya kucha huweza kukipotosha, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali ilivyo. Namba ikiwa nzuri na mtoto bado anahema, usikubali namba ikunyamazishe. Omba aangaliwe tena.

Nyumbani, mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea anapovuta hewa, midomo imegeuka bluu, au hawezi kunyonya, usisubiri asubuhi.

Mwanao akiwekewa kifaa cha mapovu, uliza mambo matatu: kwa nini amewekewa, nani anamwangalia usiku, na wewe uangalie nini. Muuguzi mzuri atafurahi kukujibu, maana macho yako kando ya kitanda humsaidia naye. Na ndugu wakija na uji wakaanza kunong'ona, waonyeshe chupa. Waambie maji yale yakitoa mapovu, mtoto anapata hewa.