BARAZA YA KAHAWA NA KHOFU YA UCHAGUZI



Ndugu yangu, dada yangu katika imani, uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, lakini kwenye baraza zetu huku Mombasa umeshafika zamani. Pita baada ya swala ya Isha utawakuta watu na vikombe vyao vya kahawa. Mazungumzo yameanza na bei ya unga, yakaingia karo ya shule, yakagusa mpira kidogo, mwisho yakatua palepale: "Je, safari hii itakuwaje?" Mmoja asema hataleta mzigo mpya dukani mpaka kura zipite. Mwengine ataka kuahirisha harusi ya bintiye. Wa tatu ateremsha sauti: "Wale wapangaji wa nyumba ile, mambo yakichafuka wasije wakasema hawakuambiwa."

Leo sina ugomvi na wa kwanza wala wa pili. Nataka tuzungumze juu ya huyu wa tatu, na juu ya wale waliomsikia wakaendelea kunywa kahawa.

Kwanza tuseme haki: khofu hii haikutoka hewani. Uchaguzi wa tarehe 27 Disemba 2007 ulifuatwa na mauaji ya watu zaidi ya 1,100, na watu wanaopindukia laki tano wakahama makwao. Sisi wa Pwani tunalo letu la karibu zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikachukuliwa. Nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa. Vikaratasi vya kuwataka waondoke vilisambazwa. Katika vurugu zile watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na maelfu wakakimbia. Wengine walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Kisha watalii wakafuta safari zao, mahoteli yakapunguza watu, na waliorudi nyumbani bila kazi walikuwemo watoto wa Likoni, wa Diani na wa Kisauni.

Kwa hivyo anayesema "naogopa" asichekwe. Ana sababu. Lakini tazama vizuri historia hiyo utaona jambo moja. Panga halikuinuka peke yake. Kabla mtu hajaweza kumchomea jirani kibanda chake, ni lazima awe ameshazoea kumsikia akiitwa "wale". Na neno hilo hufundishwa mahali pa starehe, kwa sauti ya kawaida, na watu wema ambao hawangeshika kiberiti maisha yao yote.

Sasa tuitazame dini yetu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo lolote, la amani au la khofu, hulitangaza papo hapo. Na anasema lau wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka kati yao, wale wenye kuweza kulichunguza wangelijua. Zingatia: la amani au la khofu. Hata habari nzuri usiyoithibitisha imo ndani ya lawama hii. Anayesambaza "tumeshashinda, imebaki kutangazwa" na anayesambaza "wanakuja usiku" wako safu moja.

Imam Muslim amepokea kisa kinachofungamana na aya hii. Sayyidna Umar (r.a.) aliingia msikitini akawakuta watu wamekaa kwa majonzi, wanagonga changarawe chini, wanaambiana kwamba Mtume (s.a.w.) amewaacha wakeze. Hiyo nayo ilikuwa baraza, na wenye kukaa walikuwa Masahaba. Umar hakukaa akaongeza lake. Aliinuka, akaomba ruhusa ya kuingia kwa Mtume, akamuuliza mwenyewe: Je, umewaacha? Akajibiwa: La. Ndipo akarudi, akasimama mlangoni mwa msikiti, akatangaza kwa sauti yake ya juu kabisa kwamba habari ile si kweli.

Yako mambo mawili hapo, na wengi wetu tunalijua la kwanza tu. La kwanza ni kwenda kuuliza. La pili ni kurudi ukalitangaza jibu palepale uvumi ulipokuwa, kwa sauti kubwa kuliko ya uvumi. Watu huteta khofu barazani usiku kucha, kesho wakagundua ilikuwa uongo, wakanyamaza. Yule jirani aliyeisikia ukutani bado hajalala. Ni nani atakayekwenda kumwambia alale?

Na katika mambo ya uchaguzi, pa kuuliza papo. Kura za rais huhesabiwa kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea. Matokeo huandikwa kwenye Fomu 34A, na nakala yake hubandikwa pale pale kituoni kila mtu aisome. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao wake. Mwenye kudai ameibiwa anazo siku saba kuwasilisha kesi baada ya matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu inazo siku 14 kuamua. Milango hiyo si ya mapambo. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa. Mwaka 2013 na 2022 walalamikaji walikwenda, wakakosa, na nchi ikaendelea. Sisemi milango hiyo haina kasoro, na mwaka 2017 damu pia ilimwagika. Nasema mwenye shaka amewekewa pa kwenda, na pahali penyewe si mlangoni kwa mpangaji.

Najua mtu atasema: "Shekhe, unataka tunyamaze, na wanaotuumiza wapete." La, ndugu yangu. Suratun-Nisaa hiyo hiyo, aya ya 148, inatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutamkwa hadharani, ila kwa aliyedhulumiwa. Basi aliyedhulumiwa aseme. Mgombea akija na kofia na fulana, muulize bei ya unga. Muulize kijana wako aliyemaliza chuo na sasa anabeba abiria kwa bodaboda atapata kazi lini. Muulize habari ya hati ya shamba. Akikupa noti badala ya jibu, kumbuka kwamba mpokea rushwa amelaaniwa pamoja na mtoaji. Lakini unga haukupandishwa na mama anayeuza mboga nyumba ya tatu. Shamba halikuchukuliwa na fundi wa viatu. Dhulma ina mwenyewe, na kumwacha mwenyewe ukamtisha asiyehusika ni dhulma nyengine juu ya ile ya kwanza.

Basi tuzungumzeje? Angalia Nabii Yusuf (a.s.). Alipewa habari nzito kuliko zote za barazani kwetu: njaa ya miaka saba. Hakuificha. Lakini hakuitaja njaa akaishia hapo. Aliitaja pamoja na kazi ya kufanya, limeni miaka saba, mnachovuna kiacheni kwenye masuke yake ila kidogo cha kula. Khofu iliyokuja na kazi ni nasaha. Khofu isiyo na kazi humtia mtu usingizi mbaya na kumpa shetani mlango.

Kwa hivyo nawaomba, mkikaa barazani, shikeni haya matatu.

Moja. Mwenye kuleta habari aulizwe: umeona, au umetumiwa? Kama ametumiwa na hajui imetoka wapi, iishie kwenye simu yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alichosikia.

Mbili. Mwenye kutaja balaa ataje na la kufanya. Duka lipunguzwe mzigo? Sawa, hiyo ni tahadhari. Vijana wa mtaa wazungumzwe nao mapema, kabla hajaja wa kuwanunua kwa mia tano? Hilo ni jema zaidi, na wazee wa baraza ndio wa kulifanya. Na harusi iendelee. Mtume (s.a.w.) ametuagiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi una mche, ukiweza uupande. Uchaguzi si Kiyama.

Tatu. Nenda kwa jirani yako anayeogopa. Usingoje Agosti. Bisha hodi, mwambie kwa kinywa chako: "Jirani, hapa ni kwako, na likitokea lolote mlango wangu ni huu." Mtume (s.a.w.) aliapa mara tatu kwamba hakuamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Hakusema jirani Muislamu, wala jirani wa kabila lako. Na shari ni pamoja na ile ya ulimi, iliyopita dirishani mwake ikamkuta anawalaza watoto.

Na wewe uliye barazani ukisikia neno "wale", usione haya kulikata. Sema tu: "Bwana, yule ni jirani yetu, tuzungumze mengine." Kahawa haitapoa kwa hilo.

Ewe Mola, tupe viongozi wenye kukuogopa, uzilinde ndimi zetu, uwape majirani zetu amani kutoka kwetu kabla ya kutoka kwa wengine. Aamin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako wa barazani.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.