Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, kilichobaki kiko mikononi mwa fundi bomba

RAIS John Magufuli alipozindua mradi wa maji ya Ziwa Victoria mjini Tabora, Januari 2021, mazungumzo ya wengi yalikuwa juu ya ukubwa wake: mkopo wa Dola za Marekani milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, na mabomba yaliyolazwa kutoka Solwa, mkoani Shinyanga, hadi Nzega, Igunga na Tabora. Ni wachache waliozungumzia mita chache za mwisho, zile zinazotoka kwenye dira ya maji hadi jikoni na chooni.

Hata hivyo, ni katika mita hizo ambamo mradi mkubwa unaweza kugeuka kuwa hasara ya mtu mmoja mmoja. Kwa utaratibu wa mamlaka za maji nchini, bomba hadi kwenye dira ni jukumu la mamlaka, ambayo kwa Tabora ni TUWASA. Kutoka hapo kuingia ndani, bomba ni mali ya mwenye nyumba na ni mzigo wake. Maji yakivuja baada ya dira, dira imekwisha kuyahesabu. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20, na hulipiwa hata kama imezama yote chini ya sakafu.

Tabora haikuanza leo kuhangaikia maji. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotembea kati ya Bagamoyo na Ujiji ilifuata njia yenye visima, na ilipofika Unyanyembe ilipumzika, ikabadilisha wapagazi na kununua chakula. Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, kama mji ulivyojulikana, Novemba 1857. Julai mwaka uliofuata Speke aliondoka hapo kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa alilolipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji hawakuwa wamelikosea jina. Zaidi ya miaka 160 baadaye, maji ya ziwa hilo yameifuata njia hiyo kinyume, yakisukumwa kutoka chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, hadi mji alikotokea mpelelezi huyo.

Kati ya nyakati hizo mbili, mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, pamoja na visima vya uani. Maji ya mgao yalifundisha watu namna yao ya kujenga. Nyumba iliwekewa simtanki, pipa likawekwa nje, na bomba la ndani likawa karibu pambo. Fundi aliyefunga mabomba ya nyumba hiyo hakulazimika kufikiri sana juu ya msukumo, kwa sababu haukuwapo.

Hapo ndipo kilipo kiini cha matatizo mengi ya sasa. Simtanki lililoinuliwa mita tatu juu ya koki hutoa msukumo mdogo tu. Maji ya mtandao yanayoshuka kutoka kwenye tangi lililo juu kwa mita 30 hutoa msukumo mara kumi ya huo. Kiungo cha plastiki kilichopakwa gundi haraka haraka bila kusafishwa kinaweza kustahimili hali ya kwanza kwa miaka mingi, na kikaachia usiku wa kwanza wa hali ya pili. Bomba la chuma nalo lina hadithi yake: kutu huliziba polepole kwa ndani na kuila ngozi yake, na msukumo ukiongezeka hutoboka pale lilipokonda zaidi. Mwenye nyumba huilaumu mamlaka kwa ankara kubwa, wakati maji yanapotelea ndani ya ukuta wake mwenyewe.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji fundi. Usiku, watu wakiwa wamelala na koki zote zimefungwa, dira isomwe, kisha isomwe tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja. Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni choo cha kuvuta, na mara nyingi hakutajwi kwa kuwa hakilii wala hakilowanishi sakafu. Raba iliyo chini ya tangi lake dogo ikichakaa, au boya likikwama, maji huteleza kimya kimya kuingia kwenye bakuli na kwenda zake. Matone machache ya rangi ya chakula yakitiwa ndani ya tangi hilo, na rangi ikaonekana kwenye bakuli kabla choo hakijavutwa, jibu limepatikana. Kwa njia hiyo choo kimoja kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde, ambayo ndiyo huwaudhi watu zaidi, hupoteza kama ndoo moja tu kwa siku, na mara nyingi tiba yake ni washa ya bei ndogo.

Yapo matengenezo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya mwenyewe, mradi nyumba ina koki kuu inayofunga kweli. Nyumba nyingi hazina, au zinayo lakini imegandishwa na kutu, na siku bomba linapopasuka watu hukimbilia matambara.

Kwa mengine yote anahitajika fundi, na namna anavyotafutwa haijabadilika: namba ya simu kutoka duka la vifaa vya ujenzi, au jina kutoka kwa jirani. Mwenye nyumba anajua kwamba mfungaji wa umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Fundi bomba, kwa mazoea, haulizwi karatasi yoyote, huulizwa bei. Akitaja bei ya ufundi wake hupunguziwa hadi nusu, kisha mtu yule yule aliyempunguzia humkabidhi fedha zote za vifaa akanunue mwenyewe. Si ajabu basi kwamba bomba linalorudi ni jembamba kuliko lililokubaliwa, na koki ni ya aina isiyomaliza mwaka. Watu humcheka "fundi maiko", lakini biashara hiyo imepangwa na wote wawili. Aliye tayari kulipa ufundi kwa haki, na kwenda dukani pamoja na fundi, ameondoa sababu kubwa ya udanganyifu.

Ufundi bomba ni fani inayofundishwa katika vyuo vya VETA, na Tabora ina chuo hicho. VETA pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Kwa hiyo kuuliza cheti si kumtukana mtu. Pamoja na hayo, cheti hakiwezi kuwa kipimo pekee. Wapo wazee waliofunga nusu ya mtaa na hawana karatasi hata moja. Kipimo kinachowafaa wote ni kumwomba fundi ataje nyumba alizozifanyia kazi miaka miwili au mitatu iliyopita, kisha kwenda kubisha hodi.

Kuna hatari nyingine inayostahili kushughulikiwa kabla ya hizo za ankara. Nyumba nyingi zenye kisima zimeunganisha pampu ya kisima na bomba la mamlaka kwenye njia moja, ili maji ya mgao yakikatika ya kisimani yachukue nafasi. Fundi asiyejali huunganisha kwa kiungo cha tii na kuondoka. Msukumo wa mtandao ukishuka, maji ya kisima hicho yanaweza kurudi nyuma na kuingia kwenye bomba la mtaa mzima. Hilo huzuiwa na koki ya njia moja, ambayo huruhusu maji kuingia bila kurudi, lakini lililo salama zaidi ni kila chanzo kumwaga kwenye tangi kwa juu, bila mabomba yake kugusana.

Hatari hiyo inazidi kwa sababu ya kinachotokea upande wa pili wa nyumba. Familia iliyokuwa ikimwaga ndoo mbili chooni kwa siku, sasa ina choo cha kuvuta, bafu na sinki. Shimo la maji taka lilichimbwa kwa ajili ya zile ndoo mbili. Linajaa mapema, chemba zinarudisha uchafu, na maji taka yanapenya ardhini kuelekea kwenye kisima kile kile kilichoachwa kama akiba. Katika mji ambao una hadi kata inayoitwa Chemchem, ambako visima vya uani ni urithi wa familia, jambo hili halikupewa uzito uliostahili wakati mabomba makubwa yakilazwa.

TUWASA inaweza kusema, na kisheria itakuwa sahihi, kwamba yaliyo ndani ya uzio si yake. Lakini ofisa wake hufika kwenye kila nyumba inayoomba kuunganishwa, huona kisima kilipo na shimo lilipo. Kumpa fomu ya kukagua pia upande wa ndani wa dira, na kutoa orodha ya mafundi waliopimwa na VETA, kusingehitaji mkopo kutoka India.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye nyumba bado ana silaha moja aliyozoea kuitupa: malipo ya mwisho. Mabomba mapya yajazwe maji yakiwa wazi, koki zifungwe, na dira iangaliwe kwa siku nzima. Ikisimama pale pale, fundi amaliziwe fedha yake, ndipo mpiga lipu aitwe kuziba ukuta.