Kasha la Picha na Mwenye Ufunguo

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba utamaduni ni kazi ya washairi, mitambo ni kazi ya mafundi, na kwamba makundi hayo mawili hayana la kuzungumza. Imani hiyo ni potofu na inatugharimu. Picha za ngoma zetu, za harusi zetu na za Mwaka Kogwa wa Makunduchi siku hizi hurushwa kutoka katika seva ya video, na seva haipokei kila kitu. Inayo orodha ya miundo ya faili inayoikubali. Faili iliyomo katika orodha hupita. Isiyokuwamo hugeuzwa kwanza, au huachwa mlangoni. Basi orodha ile ni sera ya utamaduni, ijapokuwa imeandikwa na kiwanda cha ng'ambo.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri, na urefu wa wimbo ukaamuliwa na upana wa sahani: kiasi cha dakika tatu kila upande. Miaka ya 1970 Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, tulijivuna, na tulistahili. Lakini kanda huishi kwa hisani ya mashine ya kuichezea. Sony iliacha kutengeneza mashine za Betacam mwaka 2016, na mwaka 2019 UNESCO ikaitahadharisha dunia juu ya kanda zote za sumaku.

Atasema mtu: tuzigeuze ziwe faili, yaishe. Hayaishi. Faili ya video ni kasha, na ndani ya kasha mna lugha ambayo picha imebanwa kwayo. Kasha liitwalo MXF liliwekewa kanuni za kimataifa mwaka 2004, lakini viwanda vilizifuata kila kimoja kwa namna yake, hata kasha la huyu likakataliwa na seva ya yule. Huo ndio uhuru wa mnunuzi!

Tutazame ngoma yenyewe. Kanda zetu za zamani hubeba nusu-picha 50 kwa sekunde. Fundi mwenye haraka huzigeuza kuwa picha 25, na nusu ya mwendo hupotea: vijana wa Makunduchi wanaochapana kwa migomba huonekana kama wanaosukumwa. Kijana wa hapa Paje naye huwapiga picha akina mama wa mwani kwa simu yake, mara nyingi picha 30 kwa sekunde, ilhali stesheni zetu hufuata 25. Ili faili iingie katika seva, picha tano hutupwa katika kila sekunde, na mkono wa mpiga ngoma huruka. Mtazamaji wa kesho atadhani wazee wetu hawakujua mapigo.

Hoja ya wapinzani ni gharama. Hesabu yao naijua, nimekaa nayo katika vikao vingi. Saa moja ya kanda ya zamani, bila kubanwa, huchukua kiasi cha gigabaiti 75. Ikibanwa kwa FFV1, ambayo haipotezi hata nukta moja, hushuka karibu nusu. Diski moja ya terabaiti 10 itabeba saa 250 na zaidi. FFV1 haina mwenye kuidai ada, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2021 ili yeyote ayasome. Seva isipoikubali, haidhuru: nakala ya kurusha iwe ya seva, nakala ya asili iwe ya taifa. Kuzichanganya hizo mbili ndiko kosa.

Tena faili iitwayo kwa tarakimu tupu ni bubu. BAKIZA ilitoa kamusi ya Kimakunduchi mwaka 2012. Maneno yale yaandikwe pamoja na picha, kwa msaada wa wazee wenyewe, wangali hai.

Kwa hiyo mkataba wowote wa kununua seva kwa fedha za umma uwe na sharti lililoandikwa kwa Kiswahili: muuzaji aoneshe, mbele ya mafundi wetu, faili ikitoka katika mtambo wake na kufunguka katika mtambo usiokuwa wake. Akishindwa, arudi nao.