Angani hakuna njia ya mkato

Ikiwa nyumbani kwako kuna barobaro anayekesha mbele ya kompyuta akirusha ndege za mchezo, huenda umemsikia akijigamba kuwa ametoka London hadi Frankfurt bila kupinda hata kidogo. Muulize swali moja tu: ni nani aliyempa njia hiyo?

Anga ya Ulaya, msomaji mpenzi, ina msongamano kushinda barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi saa kumi na moja jioni. Kabla ndege ya abiria haijaondoka, mpango wa safari yake hupelekwa kwa Eurocontrol, shirika lililoundwa 1960 na lenye makao yake Brussels. Mpango ukikiuka masharti hukataliwa, na mwenyewe hulazimika kuupanga upya.

Basi kijana anayetaka kuiga mambo yalivyo na aanzie Heathrow. Kwanza atazame upepo, maana ndege huruka ikiukabili. Upepo ndio utakaoamua ataondokea upande gani. Kisha afuate njia maalumu ya kutoka uwanjani, na baada ya hapo apite nukta kwa nukta. Nyingi ya nukta hizi za angani zina majina ya herufi tano ambayo hayana maana yoyote, mradi yatamkike redioni. Kwa miaka mingi safari za kuelekea huko zimepita Dover, zikavuka bahari kwa nukta iitwayo KONAN, ndipo zikaingia Ubelgiji. Ramani zenyewe hurekebishwa kila baada ya siku 28, kwa hivyo ya mwaka juzi itampoteza.

Halafu kuna kimo. Kwa kawaida ndege zinazoelekea mashariki hupewa maelfu ya witiri, tuseme futi 33,000 au 35,000, na zinazorudi magharibi hupewa ya shufwa. Tangu 2002, zile zilizo juu ya futi 29,000 hupishana kwa nafasi ya futi 1,000 badala ya 2,000 ya zamani. (Ufaransa na Italia hutumia kaskazini na kusini, jambo linalowachanganya wengi.)

Lakini kwangu mimi, kubwa zaidi ni kujua pasipopitika. Tarehe 17 Julai 2014, ndege ya Malaysia Airlines iliyotoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur ilikuwa futi 33,000 juu ya mashariki mwa Ukraine, mahali penye vita. Anga ya hapo ilikuwa imefungwa hadi futi 32,000 pekee. Ndege ilitunguliwa kwa kombora, na watu wote 298 wakafa. Mnamo Februari 2022 anga nzima ya Ukraine ilifungwa kwa ndege za abiria. Kwenye skrini hakuna wa kumzuia kijana kupakata katikati, na ndiyo sababu ningependa azuiwe na ramani.

Mwaka huo huo wa 2022 Urusi iliwafungia njia Finnair, na safari yao ya Helsinki hadi Tokyo ikarefuka kutoka saa 9 hivi hadi 13. Mpe barobaro wako hiyo aipange. Ahesabu mafuta ya ziada na, kama nyumba yenu ina mita ya tokeni, ahesabu stima pia.