Paka wa Bure Ana Bili: Mfungulie Akiba Kabla Hajaugua

Wengi wetu hatununui paka, tunapewa. Mtu wa ofisini anasema paka wake amezaa, unaenda kuchungulia tu, unarudi na katoni inayolia ndani ya matatu watu wote wakikuangalia. Hivyo ndivyo nilivyompata Chapo, dume wa rangi ya chapati iliyoiva vizuri. Nilisomea uuzaji chuo kikuu, kwa hivyo najua vizuri neno "bure" linavyomlaza mtu akili, na bado lilinilaza. Kwa sababu hakunigharimu hata shilingi moja, nilijiambia huyu ni mnyama wa bei rahisi. Omena kidogo, maziwa kidogo, mambo yameisha.

Miezi 14 baadaye nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya kliniki, Jumamosi saa tatu usiku, nikiwa na shilingi 3,200 kwa simu, nikiambiwa niweke amana ya 8,000 ndiyo waanze kumshughulikia.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoyapinga: kama unaishi na paka ndani ya nyumba ya kupanga na huna pesa yoyote uliyomtengea, bado hujaanza kumfuga. Unabahatisha tu.

Acha nieleze kilichotokea, kwa sababu nikikumbuka naona nilikuwa na siku nzima ya kumsaidia na nikaipoteza. Ijumaa Chapo alianza kuingia kwenye sanduku lake la mchanga kila baada ya dakika chache. Anachuchumaa, anakaza, anatoka, anarudi. Nikadhani tumbo limefunga. Nikampa kijiko cha mafuta ya kupikia, (usicheke, jirani alinishauri), nikaenda kulala. Kesho yake alikuwa anajilamba chini bila kuacha na kulia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Jioni akatapika, kisha akajificha nyuma ya mtungi wa gesi akakataa kutoka. Hapo ndipo nikaita boda.

Daktari alimpapasa tumbo mara moja tu akajua. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa. Shida haikuwa choo kikubwa, ilikuwa mkojo. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na chembechembe kama za chumvi au ute ukikwama pale, hakuna kitu kinachopita. Sumu ambayo figo ingeitoa inabaki kwenye damu, potasiamu inapanda, na moyo unaweza kusimama. Kutoka kuziba hadi kufa inaweza kuwa siku moja au mbili tu. Kwa hivyo kama kuna jambo moja utakalobeba kutoka hapa, libebe hili: paka dume anayekaza bila mkojo kutoka hangoji Jumatatu, na hangoji mwisho wa mwezi.

Niliuliza kwa nini yeye, ilhali hatoki nje na hapigani na paka wa mtaani. Jibu lilinishangaza. Ni kwa sababu hatoki nje, kwa kiasi fulani. Paka wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika, yule ambaye bado yuko huku kwetu nyikani, na mababu zake walizoea kupata maji mengi kutoka kwa nyama ya windo. Kiu yao ni ndogo. Ukimpa chakula kikavu peke yake, ambacho maji yake ni karibu asilimia 10 tu, na bakuli moja la maji linalokaa kando ya sanduku la mchanga, hatakunywa ya kutosha. Ongeza uzito, kwa sababu siku nzima analala kwa kiti akikungoja urudi kazini. Ongeza wasiwasi, maana hata mgeni au kuhama nyumba kunaweza kumvuruga. Chapo alikuwa na vyote vitatu.

Kumweka ndani bado ni uamuzi mzuri, ukweli usemwe. Hagongwi na gari, hali panya aliyekula sumu, haumwi na paka wengine na kuambukizwa magonjwa yao. Lakini ndani pia kuna hatari zake na nyingi tunazileta wenyewe. Panadol, ambayo kila droo ya Mkenya inayo, ni sumu kwa paka. Hata tembe moja inaweza kumuua. Maua ya lili, yale unayoletewa kwenye shada la Valentine, yanaharibu figo zake, na si majani tu, hata chavua aliyoilamba kutoka kwa manyoya. Dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini humletea mtetemeko na degedege, kwa hivyo usigawanye chupa ya mbwa wa jirani eti mnapunguza gharama. Uzi wa kushonea akiumeza unaweza kukunja matumbo hadi afanyiwe upasuaji. Na zile grili za dirisha zinazuia mwizi, hazizuii paka. Mimi naishi ghorofa ya nne. Nilifunga wavu wa kuku kwa dirisha la jikoni na keateka alinung'unika wiki nzima.

Turudi kwa pesa. Bili ya Chapo ilikuwa hivi: kuonwa na daktari 2,000, kupimwa damu 3,500, kulazwa usingizi na kuwekewa mpira wa mkojo 7,000, siku mbili za kulazwa na maji ya mshipa 4,000, dawa za kwenda nazo 1,500. Jumla 18,000. Kliniki nyingine itakupa hesabu tofauti, lakini hiyo ndiyo niliyolipa mimi.

Nililipaje? Nilikopa kwa simu 10,000 hapo hapo kaunta, nikarudisha 10,900. Zilizobaki nilizitoa kwenye pesa niliyokuwa nimeweka nimtumie mama, ya kumalizia karo ya ndugu yangu mdogo. Nikamwambia mama mshahara umechelewa. Huo ulikuwa uongo, na ndugu yangu alikaa nyumbani siku tatu zaidi kwa sababu ya paka.

Najua unasoma haya kwenye ukurasa wa kampuni ya kutuma pesa na huenda unatarajia niseme mkopo ni suluhisho. Mkopo ule uliokoa Chapo, siukatai. Lakini mkopo unaochukuliwa saa tatu usiku, mikono ikitetemeka, mnyama analia kwenye kikapu, si mkopo unaousoma masharti yake. Ningeweza kuukwepa. Nilipiga hesabu baadaye: shilingi 50 kwa siku kwa mwaka ni 18,250. Bili yote. Kwa miezi ile 14 ningekuwa na zaidi ya 21,000. Na shilingi 50 nilikuwa nazitumia kila siku bila kujua, smoki moja hapa, soda pale.

Kwa hivyo sasa Chapo ana akiba yake. Iko kando na salio langu la kawaida, imefungwa, haionekani ninapoangalia kama nina nauli. Hiyo kando ndiyo siri, kwa sababu pesa iliyo pamoja na nyingine huwa haina jina, na pesa isiyo na jina huliwa Ijumaa. Natuma 50 kila usiku nikimpa chakula. Mambo mawili kwa wakati mmoja, sisahau. Hakikisha tu akiba unayochagua inaweza kufunguliwa siku ya dharura bila kungoja miezi. Ukiifunga hadi Desemba na paka akazibe Agosti, umefanya kazi bure.

Akiba hiyo si ya dharura peke yake. Kuna gharama ambazo tarehe zake zinajulikana na hazifai kutushtua. Kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike, kwa kawaida akiwa na miezi mitano au sita. Chanjo za utotoni na za kurudia. Dawa ya minyoo. Chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapa watu hunibishia: "Si paka wako hatoki?" Mlango hufunguliwa, rafiki yangu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu au mnyama, karibu kila mara ni kifo. Kenya ilijiwekea mpango wa kukimaliza kati ya 2014 na 2030, na mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huo, huwa kuna kampeni za chanjo za bure au bei nafuu. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Ukiwa Nairobi, kuna pia kliniki ya wanyama ya chuo kikuu kule Kabete, na shirika la KSPCA.

Kuhusu kulipa, machache niliyojifunza. Omba makadirio kabla kazi haijaanza. Daktari mzuri hakasiriki. Lipa kwa nambari ya kliniki, si kwa simu ya mtu binafsi, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Daktari wa wanyama lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa hivyo ukipata mtu mtandaoni anayechanja nyumba hadi nyumba, uliza usajili wake. Na yule anayekupa paka wa kizungu mwenye manyoya marefu, bure kabisa, ila utume tu pesa ya usafiri kwanza? Hakuna paka hapo.

Mama alikuja kujua ukweli, bila shaka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Paka wetu hapa hula panya, na sijawahi kumpeleka kwa daktari." Nilifikiria jibu hilo siku nyingi. Ana haki yake, lakini paka wa nyumbani kwetu anakula panya mbichi wenye maji, anatembea boma zima, na anapopotea tunasema ameenda. Hatujui alikufa wapi wala kwa nini. Chapo hawezi kwenda. Mimi ndiye niliyefunga dirisha.

Lakini mama alinifundisha pia kitu ambacho wapenda paka wenzangu hawapendi kusikia: lazima uwe na kiwango cha mwisho. Kiandike ukiwa umetulia. Changu ni 25,000. Ikizidi hapo, nitamuuliza daktari kuhusu maumivu yake na kama kuna matumaini, na kama hakuna, nitakubali alazwe usingizi wa mwisho bila mateso. Karo ya ndugu yangu haitaguswa tena. Kuna atakayeniita katili. Mimi naona ukatili ni kumwacha anakaza siku mbili kwa sababu hujui utatoa wapi pesa na unaona aibu kuuliza.

Kinga yenyewe ni ya bei nafuu kuliko nilivyodhani. Chapo sasa anapata chakula cha pakiti chenye maji jioni, na asubuhi kikavu kilichopimwa kwa kikombe. Maziwa nilikata, tumbo lake halikuyapenda hata kidogo. Ana bakuli tatu za maji, zote mbali na mchanga. Ana masanduku mawili ya mchanga ingawa yuko peke yake, na nasafisha kila siku, si kwa usafi tu bali nihesabu mabonge ya mkojo. Naam, nahesabu. Mawili au matatu, tunalala vizuri. Jioni tunacheza dakika kumi na kamba ya kiatu, kisha naifungia kwenye droo asije akaimeza. Amepungua uzito kidogo na hajaziba tena, ingawa daktari alinionya kwamba dume aliyeziba mara moja anaweza kuziba tena.

Nilianza kuweka zile hamsini nilipomaliza kulipa mkopo, siku 127 zilizopita. Salio la Chapo leo usiku ni 6,350. Kesho tuna miadi ya chanjo, kwa hivyo litashuka hadi karibu elfu nne, na mama ameshapiga simu kuuliza kama nimenunua kikapu kisichofunguka kwenye matatu.